Je, Wajua? Misuli ya Moyo Baada ya Mshtuko

Je, wajua kwamba mshipa wa moyo ukiziba, seli za misuli hazifi papo hapo? Kwanza hugoma. Ndani ya dakika moja hivi baada ya damu kukatika huacha kujikunja, ingawa bado zi hai. Karibu theluthi moja ya ukubwa wa seli hizi ni mitokondria zinazozalisha nishati, na mitokondria bila oksijeni hazifanyi kazi. Seli hubaki kuvunja sukari bila hewa: nishati haba, asidi tele.

Kufa kwenyewe huanza baada ya dakika 20 hadi 40, tena si kwa mkupuo mmoja. Huanzia upande wa ndani wa ukuta wa moyo na kusambaa kuelekea nje kwa saa kadhaa, kama moto unaokula nyasi kavu. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani, Keith Reimer na Robert Jennings, walithibitisha hilo kwa mbwa waliozibwa mshipa wa moyo: waliofunguliwa mshipa baada ya dakika 40 walinusurika na misuli mingi kuliko waliofunguliwa baada ya saa 3. Matibabu yote ya dharura ya mshtuko wa moyo yanapigania hizo saa.

Je, wajua maabara inagunduaje seli zilizokufa bila kifua kupasuliwa? Seli ikiharibika, protini yake iitwayo troponini huvujia kwenye damu. Huchukua saa chache kuonekana vizuri, ndiyo maana kipimo hurudiwa.

Chembe nyeupe za damu ndizo zinazosafisha mabaki. Katika wiki ya kwanza ukuta huwa umelainika, na kwa wagonjwa wachache hupasuka. Kisha nyuzi za protini ziitwazo kolajeni huanza kujaa, na baada ya wiki kadhaa kovu hukomaa. Kovu ni imara, lakini halijikunji, na umeme wa mapigo haupiti humo sawasawa. Hapo ndipo mapigo ya hovyo yanapoweza kuzuka hata miaka baadaye.

Je, wajua kwamba seli zilizosalimika nazo hazibaki zilivyokuwa? Hili ndilo wengi hawaambiwi. Kwa kubeba kazi ya zilizokufa, hurefuka na kunenepa. Huamsha hata jeni zilizokuwa zikitumika moyo ulipokuwa tumboni mwa mama. Chumba cha kushoto hutanuka kidogokidogo, mpaka moyo ukashindwa kusukuma damu ipasavyo. Chumba kinapoendelea kutanuka, mgonjwa anaweza kujisikia mzima kabisa! Dawa kama captopril na enalapril hupunguza mabadiliko hayo, kwa hiyo kuziacha kwa sababu maumivu yameisha ni hatari kubwa.

Zipo pia seli zilizojipunguzia kazi ili ziishi kwa damu kidogo. Hizo, mshipa ukizibuliwa, zinaweza kurudi kazini.

Je, moyo huota seli mpya? Ndiyo, ila kwa uchache mno. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walipima umri wa seli kwa kutumia kaboni ya mionzi iliyosambazwa hewani na majaribio ya mabomu ya nyuklia. Waligundua kwamba mtu wa miaka 25 hubadilisha takriban asilimia 1 ya seli za misuli ya moyo kwa mwaka, na wa miaka 75 chini ya nusu ya hapo. Panya wa siku moja anaweza kuuponya moyo wake uliokatwa, lakini akifikisha siku 7 uwezo huo umetoweka.

Basi, ndugu msomaji, kifua kikikubana kwa uzito, maumivu yakapanda begani au tayani, kijasho chembamba kikakutoka, usijipe moyo kwamba ni gesi au vidonda vya tumbo. Usingoje kupambazuke. Mwamshe mtu akupeleke hospitali saa hiyohiyo.