Bughudha na Chuki katika Kiswahili cha Pwani

Katika wilaya za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, ambako Kiswahili huzungumzwa bega kwa bega na Kizaramo na ambako Uislamu una mizizi mirefu, hali ya kutompenda mtu au kitu hutajwa kwa maneno yenye asili mbili tofauti. Chuki ni nomino ya asili ya Kibantu, inayohusiana na kitenzi kuchukia, na kutoka hapo hupatikana pia kuchukiza, yaani kumfanya mtu achukie, na machukizo. Karaha na bughudha zimetoka katika Kiarabu, na safari ya neno bughudha ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa kuwa katika Kiarabu neno hilo hutaja chuki kali ya moyoni, ilhali msemaji wa leo anayeomba aachwe afanye kazi yake bila bughudha hulalamikia usumbufu tu. Maana imehama kutoka moyo wa anayechukia hadi kitendo kinachomfika anayesumbuliwa, na hilo ni badiliko kubwa kuliko linavyodhaniwa.

Karaha, inayobeba maana ya kuchukizwa hadi kukinai, ina ndugu yake makuruhi, istilahi ya fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, inayotaja jambo lisilopendeza ambalo kuliacha kuna thawabu, ingawa kulitenda si dhambi. Chuki, kwa upande wake, imebaki na ukali wake wote.