Mwanafunzi Amwendee Nani? Mchungaji na Walezi wa Kuaminika Shuleni

Utangulizi

Wachungaji na wainjilisti wanaofundisha vipindi vya dini katika shule za sekondari za Dodoma wanalifahamu jambo hili: kipindi kimekwisha, wenzake wametoka, naye mwanafunzi mmoja amebaki mlangoni akiwa na neno. Hapati usingizi, masomo hayaingii, nyakati nyingine hutamani asingalizaliwa. Mchungaji husikiliza na kuomba pamoja naye, kisha huondoka kwenda mtaa mwingine, na hatarudi ila baada ya juma moja. Katika siku hizo, mtoto huyu atamwambia nani?

Katika makala haya twataka kuonyesha kwamba mchungaji hakuitwa kuwa mtunza siri wa pekee wa mwanafunzi. Wajibu wake mkubwa zaidi ni kumsaidia amtambue mtu mzima mmoja wa kuaminika miongoni mwa wale waliopo shuleni kila siku.

1. Sababu za kunyamaza

Katika nchi yetu jina la Mirembe, hospitali iliyopo Dodoma tangu miaka ya 1920, limegeuzwa kuwa neno la dhihaka. Mtoto anayeogopa kuambiwa kwamba anastahili kupelekwa Mirembe huficha huzuni yake kama mtu afichavyo kosa. Kanisa halina sababu ya kuishiriki aibu hiyo. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Bethel walianza kuwatunza wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20, na hospitali hiyo ingali mikononi mwa KKKT. Yafaa tulitaje jambo hili madarasani, ili wanafunzi wajue kwamba akili huugua na kutibiwa kama mwili.

Sababu nyingine ni upweke. Wanafunzi wengi wa shule za kata hutembea mwendo mrefu, au hupanga vyumba karibu na shule na kujipikia wenyewe. Katika miezi ya njaa kabla ya mavuno, chakula hupungua nyumbani na chumbani pia. Bibi na shangazi, ambao katika jamii zetu nyingi ndio wa kuambiwa yasiyosemeka kwa wazazi, wako mbali.

2. Cheo na imani

Waraka wa Elimu Na. 11 wa mwaka 2002 ulielekeza huduma ya ushauri na unasihi iwepo katika shule na vyuo vya ualimu. Ni hatua njema. Lakini shule hutoa cheo. Imani hutolewa na mwanafunzi mwenyewe. Mwalimu yuleyule aweza kuwa mshauri asubuhi na kushika fimbo mchana, na mtoto akashindwa kujua ni yupi atakayemkuta. Kwa hiyo tusiseme tu, "Nenda kwa mwalimu wa unasihi," tukadhani tumemaliza. Huenda anayeaminika ni mwalimu wa darasa, matroni, au mpishi ambaye hutambua nani hakula.

3. Kumsaidia kuchagua

Mosi, tumwulize: "Kama ingekuja habari ya msiba kutoka nyumbani, ungependa nani hapa shuleni akuambie?" Jina litakalomjia kwanza lina uzito.

Pili, tuyapime pamoja naye mambo ya mtu huyo. Je, huonya bila kuaibisha mbele ya wenzake? Je, ya mwanafunzi mmoja hubaki kwake, au husimuliwa katika ofisi ya walimu? Je, yu tayari kuzungumza mahali panapoonekana, kama chini ya mti uwanjani, bila kumwita mtoto peke yake nyumbani kwake? Anayedai usiri wa mlango uliofungwa asichaguliwe.

Tatu, mwanafunzi aanze na jambo dogo, aone limepokewaje.

Nne, kwa ruhusa yake tumfikishe kwa mtu huyo, hata kwa kusimama naye dakika chache za mwanzo. Sentensi ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote, nasi twaweza kumsaidia kuitamka.

4. Siri na mipaka yake

Hapa wachungaji hatuna budi kuwa waangalifu. Maungamo ya Augsburg, katika kifungu cha 11, yanadumisha ondoleo la dhambi la faraghani, na siri ya maungamo haivunjwi. Lakini aliyetendewa uovu haungami, analia. Kilio chake si dhambi yake ya kufichwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji. Hivyo, kabla ya kusikiliza tuseme wazi kwamba yanayohatarisha uhai tutayapeleka kwa wanaoweza kusaidia. Na ikiwa mwenye kosa ni mmoja wa watumishi wa shule, twende kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, nayo haina malipo.

Mwanafunzi akitaja kujiua, asiachwe peke yake hata kwa saa moja. Afikishwe kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo, na maombi yaende pamoja naye.

Hitimisho

Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaenda peke yake jangwani, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe (1 Fal. 19:3-8). Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimpa usingizi, mkate na maji, mara mbili. Na baadaye akampa Elisha awe pamoja naye. Luther naye, katika Makala za Smalkaldi za mwaka 1537, aliyahesabu mazungumzo na faraja ya ndugu kwa ndugu kuwa mojawapo ya njia ambazo Injili hutufikia. Basi, kila mchungaji aingiaye shuleni na ajiulize kabla ya kutoka lango: mtoto aliyezungumza nami leo, kesho asubuhi atakuwa na nani?