Poti Imefunguliwa, Muziki Haufiki

Mtu aliyehamishia kanda zake za taarab na dansi kwenye kompyuta, pamoja na rekodi za harusi za ukoo ambazo hakuna duka la muziki litakalokuja kuziuza, ana sababu nzuri ya kutaka kuzisikiliza akiwa mbali na nyumbani. Programu za kazi hiyo zipo, na nyingi ni za bure: Navidrome, Jellyfin, Plex na nyinginezo. Ukiiweka mojawapo kwenye kompyuta ya nyumbani, simu iliyo kwenye Wi-Fi ya humo ndani inacheza nyimbo zote bila shida. Taabu huanza mwenye simu anapotoka nje ya geti na kuwasha data. Maelekezo yanayosambaa humwambia aingie kwenye mipangilio ya ruta, atafute ukurasa wa kuelekeza poti, aandike 4533 kama anatumia Navidrome au 32400 kama ni Plex, ahifadhi, azime ruta na kuiwasha tena. Anafanya yote, na muziki haufiki. Anabadilisha namba ya poti, anarudia, mwisho anakwenda kununua ruta nyingine. Ninavyoona, kwa nyumba nyingi za Afrika Mashariki maelekezo hayo yanaanzia katikati. Yanachukulia kwamba nyumba ina anwani yake kwenye intaneti, na aghalabu haina. Asiye na anwani hawezi kufikiwa, hata akifungua poti zote 65,535.

Tuanze na kazi ya ruta. Vifaa vya nyumbani hupewa anwani za ndani, kwa kawaida zinazoanza na 192.168, ambazo mamilioni ya nyumba duniani zinazitumia kwa wakati mmoja na ambazo hazina maana yoyote nje ya ukuta wa nyumba. Kwa nje, ruta inaonekana kwa anwani moja tu. Simu ikiomba ukurasa, ruta hukumbuka nani ameomba na kumpelekea jibu. Ombi linalotoka nje bila kuitwa, mfano simu yako iliyoko Maskati ikitafuta seva iliyoko Tanga, halina mwenyewe, kwa hiyo ruta hulitupa. Kuelekeza poti ni kuiachia ruta agizo la kudumu: chochote kinachokuja kwa poti 4533 kipeleke kwa kompyuta ile. Ni sawa na barua za shule ya bweni zinazopitia S.L.P. moja, barua ya mwanafunzi itafika bwenini endapo mtu wa ofisi ameelezwa impelekee nani. Lakini agizo hilo lina nguvu ikiwa tu ufunguo wa sanduku unao wewe mwenyewe.

Hapo ndipo penye tatizo. Mfumo wa zamani wa anwani, IPv4, una nafasi takribani bilioni 4.3, nazo ziligawiwa kwa ukarimu mkubwa wakati intaneti ikiwa jambo la vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya. Februari 2011 hazina kuu ya dunia iligawa mafungu yake ya mwisho. AFRINIC, shirika lenye makao yake Mauritius linalogawa anwani kwa bara letu, liliingia awamu ya mwisho ya kubana matumizi Januari 2020, na tangu hapo mwombaji anapata anwani zisizozidi 1,024 kwa mara moja. Linganisha namba hiyo na wateja wa kampuni moja tu ya simu. Kampuni zikafanya kwa wateja kile ambacho ruta hufanya kwa vifaa vya nyumbani: zikaweka ruta kubwa kwao, na nyuma yake wateja wengi wanashiriki anwani moja ya umma. Mafundi wanauita mpango huu CGNAT. Mwaka 2012 lilitengwa fungu maalumu la anwani kwa ajili yake, kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255. Intaneti ya 4G iko hivyo karibu kila mahali, Starlink iko hivyo kwa mteja wa kawaida wa nyumbani, na kampuni kadhaa za faiba pia. Wewe unaiagiza ruta yako, kumbe ombi lilishatupwa kwenye ruta ya kampuni, ambayo huna ruhusa ya kuigusa.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakihusu poti hata kidogo. Fungua ukurasa wa hali ya ruta na usome anwani iliyoandikwa upande wa WAN, yaani upande wa nje. Kisha, kwenye kompyuta iliyo nyumba hiyohiyo, fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako jinsi dunia inavyoiona. Namba mbili zikilingana, una anwani ya umma na kuna kazi ya kufanya. Zisipolingana, acha mipangilio ya poti kama ilivyo. Ile ya ruta ikianza na 100 na kufuatiwa na namba kati ya 64 na 127, jibu ni CGNAT moja kwa moja. Ikianza na 10, au 192.168, au 172 pamoja na namba kati ya 16 na 31, kuna ruta nyingine mbele yako. Inaweza kuwa ya kampuni, au inaweza kuwa kile kisanduku cha faiba alichokifunga fundi, ambacho nacho ni ruta, nawe umechomeka ruta yako nyuma yake. Hali hii ya pili inatibika: ama kisanduku kigeuzwe kiwe daraja tupu, ama ruta yako ndiyo igeuzwe.

Msomaji anayejua mambo atapinga kwamba si kila kushindwa ni CGNAT. Ni kweli, na namba zikilingana ndipo ukaguzi wa kawaida unapata maana. Jambo linalowadanganya wengi zaidi ni namna ya kujaribu. Ruta nyingi haziwezi kumrudisha mtu wa ndani anayeita anwani ya nje ya nyumba yake mwenyewe, kwa hiyo anayejaribu akiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani anaweza kuona kushindwa pale ambapo kila kitu kiko sawa. Zima Wi-Fi, tumia data ya simu, halafu angalia jinsi jaribio linavyoshindwa, maana kushindwa nako kuna aina. Likikataliwa papo hapo, mara nyingi ombi limefika kwenye mashine lakini hakuna programu inayosikiliza kwenye poti ile: seva imezimwa, au namba si yenyewe. Likining'inia hadi muda kuisha, kuna mtu njiani analimeza kimyakimya, na mshukiwa wa kwanza ni kinga ya kompyuta yenyewe. Windows, kwa mfano, ikiuchukulia mtandao wa nyumbani kuwa wa hadhara, huzuia wageni hata kama ruta imewaruhusu.

Kuna pia makosa yanayojitokeza baada ya siku kadhaa za mafanikio, na haya ndiyo yanayomfanya mtu aamini ruta yake ina mashetani. Ruta hugawa anwani za ndani kwa muda tu. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta iliyokuwa 192.168.1.20 inaweza kuamka ikiwa 192.168.1.23, huku agizo la poti likiendelea kuelekeza kwa 20, ambayo sasa pengine ni televisheni. Dawa yake ni kuiwekea kompyuta anwani isiyobadilika kwenye orodha ya DHCP ya ruta, yaani sehemu inayogawa anwani hizo. Anwani ya nje nayo hubadilika kampuni inapotaka. Kwa hilo kuna huduma za kukupa jina la kudumu linalofuata namba kila inapohama, na ruta nyingi zina sehemu ya kuijaza huduma hiyo.

Mwingine atasema: kama tatizo ni anwani, nitanunua. Baadhi ya kampuni huuza anwani ya umma kwa nyongeza ya kila mwezi, hasa kwa wateja wa biashara, na kwa mwenye ofisi au kamera za dukani huenda inalipa. Kwa muziki wa familia sioni hesabu yake. Shida yenyewe si pesa tu. Anwani ya umma yenye poti iliyo wazi haikai bila wageni: zipo programu zinazozunguka kwenye anwani zote za IPv4 usiku na mchana zikigonga poti moja baada ya nyingine. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilijikusanyia jeshi la kamera na ruta za majumbani kwa kujaribu tu nywila zilizotoka nazo kiwandani. Mwaka 2023 LastPass, kampuni ya kutunza nywila za watu, ilieleza kwamba wavamizi walipita kwenye kompyuta ya nyumbani ya mhandisi wake kupitia programu ya burudani. Plex, inayotengeneza programu hiyo, ikasema kasoro iliyotumika ilikuwa imeshazibwa tangu Mei 2020, ila mhandisi hakuwa amesasisha programu yake. Haki isemwe: kasoro hiyo ilimtaka mvamizi awe ameshapata mamlaka ya msimamizi, kwa hiyo poti iliyo wazi peke yake haikutosha. Funzo lake ni kwamba mtaalamu aliyekabidhiwa funguo za kampuni nzima alisahau kusasisha seva ya burudani kwa zaidi ya miaka miwili. Sisi wengine tusijidai.

Njia ninayoipendelea inageuza mwelekeo wa mazungumzo. Badala ya kumngoja mgeni mlangoni, kompyuta ya nyumbani na simu ya ugenini zote zinapiga simu kwenda nje, zinatambulishana, kisha zinaongea kwa njia iliyofungwa kwa siri kati yao. Kwa kuwa kila ruta huruhusu majibu ya mazungumzo yaliyoanzia ndani, hata ile ya CGNAT hupitisha. WireGuard, iliyoingizwa rasmi kwenye kiini cha Linux mwaka 2020, ndiyo msingi wa siku hizi wa njia hizo, lakini ikiwa peke yake inataka upande mmoja uwe na anwani ya umma. Tailscale imejengwa juu yake, na hukutanisha pande mbili zilizofungiwa zote. Usishtuke ukiona inakupa anwani inayoanza na 100: imechukua namba zake kwenye fungu lilelile la CGNAT.

Pingamizi lake la haki ni kwamba unaitegemea kampuni ya ng'ambo ili usikilize kanda zako mwenyewe. Asiyetaka anaweza kuendesha Headscale, mratibu huria anayefanya kazi hiyo, kwenye seva ndogo ya kukodi, au kuweka WireGuard yenyewe kwenye seva hiyo. Pingamizi la pili ni kasi, maana pande mbili zikishindwa kukutana moja kwa moja, data hupita kwa mpatanishi na kuchelewa. Kwa filamu hilo linaumiza. Kwa muziki, si sana: wimbo uliobanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde unakula takribani MB 58 kwa saa, ilhali CD isiyobanwa ingekula takribani MB 635. Navidrome na Jellyfin zinaweza kubana nyimbo papo hapo kabla ya kuzituma, kwa hiyo chagua hivyo, uokoe bando na uipunguzie mzigo laini ya nyumbani, ambayo kasi yake ya kupandisha mara nyingi ni ndogo kuliko ya kushusha. Hasara ninayoikubali bila ubishi ni kwamba kila msikilizaji lazima awekewe programu na aruhusiwe. Shangazi aliyeko Birmingham hatapata wimbo kwa kubofya kiungo tu.

Na IPv6, mfumo mpya wenye anwani za kumtosha kila mtu na kila kifaa? Mtandao wako ukiwa nayo, CGNAT haihusiki tena, ingawa bado utalazimika kuiruhusu poti kwenye kinga ya ruta, na simu ya ugenini nayo lazima iwe kwenye mtandao wenye IPv6. Ukikuta pande zote mbili zinayo, itumie. Kuingoja si mpango.

Ukishaiwasha njia ya siri na muziki ukafika, rudi kwenye ruta ufute maagizo yote ya poti uliyoyaandika wakati wa kuhangaika, na uzime UPnP inayoruhusu programu kufungua poti zenyewe. Leo maagizo hayo hayana madhara kwa sababu CGNAT imesimama mbele yake. Siku kampuni itakapokuhamishia kwenye anwani ya umma, pengine bila kukuarifu, yataanza kufanya kazi, na seva yako itakuwa wazi kwa dunia nzima.