Nauli nafuu ya ndege: Mkulima wa Rondo aijue hesabu yake

KWA mkulima wa korosho au mfanyabiashara mdogo wa Rondo, mkoani Lindi, kwenda Dar es Salaam na kurudi ni shughuli ya siku kadhaa. Kwanza ni kushuka kutoka mlimani hadi barabara kuu ya lami, kisha ni basi la kutwa kupitia Kilwa na Rufiji. Duka hubaki limefungwa, na shamba hubaki mikononi mwa watu wengine.

Ni kweli kwamba hali imebadilika sana tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na abiria wakaachana na adha ya kivuko cha Ndundu. Hata hivyo, barabara hiyo bado ina siku zake. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani ya kusini, barabara ilikatika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Magari yalikwama pande zote mbili, na mizigo ikakwama nayo.

Ndiyo maana linapotajwa shirika la ndege la nauli nafuu, watu wa kusini hutega sikio. Maswali ni mawili. Je, nauli hiyo inaweza kufika Mtwara au Lindi? Na ikifika, itamfaa mkulima?

Jirani alivyofanya

Mfano wa karibu upo Kenya. Shirika la Kenya Airways liliunda kampuni tanzu iitwayo Jambojet, ambayo ilianza kuruka Aprili 1, 2014, kutoka Nairobi kwenda Mombasa, Kisumu na Eldoret. Baadaye iliongeza vituo vya pwani kama Malindi na Ukunda, na mwaka 2018 ikavuka mpaka hadi Entebbe, Uganda. Julai 2024 ilianza safari za moja kwa moja kati ya Mombasa na Zanzibar, bila abiria kulazimika kuzunguka Nairobi.

Kwa nini shirika kubwa liunde jingine dogo badala ya kushusha nauli zake lenyewe? Jibu ni gharama. Shirika kubwa hubeba mzigo wa ofisi za nje, ndege za aina mbalimbali, chakula cha bure na abiria wa kuunganisha safari za mbali. Safari ya saa moja haiwezi kulipia vyote hivyo. Kampuni tanzu huanza na daftari jipya: ndege chache, safari fupi, na kila huduma ya ziada ina bei yake.

Jambojet ilianza na ndege za Boeing 737, lakini baadaye ikahamia kwenye ndege za mapangaboi za Dash 8-400 zenye viti 78. Ndege hizo hutumia mafuta kidogo katika safari fupi na hazihitaji njia ndefu ya kurukia. Air Tanzania nayo ilipofufuliwa mwaka 2016 ilianza na ndege za aina hiyo hiyo, zenye viti 76.

Si kila kampuni tanzu hudumu. Uingereza, British Airways ilianzisha kampuni ya nauli nafuu iitwayo Go mwaka 1998 katika uwanja wa Stansted, nje ya jiji la London. Ilipoonekana kwamba mtoto anawania abiria wale wale wa mzazi wake, iliuzwa mwaka 2001, na mwaka uliofuata ikanunuliwa na mshindani wake, easyJet.

Hesabu ya kiti kitupu

Siri ya nauli nafuu ni kujaza viti, kwenda na kurudi.

Chukulia mfano tu: ndege ya viti 78 inatumia Sh milioni 10 kwa safari moja, yaani mafuta, marubani, matengenezo na ada za viwanja. Ikijaa, kila abiria anabeba takriban Sh 128,000. Ikijaa nusu, kila mmoja anabeba takriban Sh 256,000. Ikijaa kwenda na kurudi tupu, mzigo huo wa Sh 256,000 unabaki pale pale kwa kila aliyepanda, maana nauli yake inalipia safari mbili.

Kiti ni kama nyanya iliyoiva. Ndege ikishapaa, kiti kitupu hakiuziki tena. Kwa sababu hiyo viti vichache vya kwanza huuzwa kwa bei ya chini ili kuvuta watu mapema, kisha bei hupanda kadiri siku ya safari inavyokaribia. Anayekata tiketi wiki kadhaa kabla hulipa kidogo. Anayefika leo akitaka kuruka kesho ndiye anayefidia.

Somo la Fastjet

Tanzania imekwishaonja nauli hiyo. Novemba 2012, Fastjet ilianza safari kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro kwa ndege za Airbus A319, nauli ya chini ikiwa Sh 32,000 kabla ya kodi na ada za uwanja. Mwaka 2013 ikafika Mbeya kupitia uwanja wa Songwe. Wengi walipanda ndege kwa mara ya kwanza katika maisha yao.

Lakini bei ya kwenye tangazo haikuwa bei ya kila abiria. Kodi na ada ziliongezwa juu yake, mzigo ulilipiwa, na viti vya bei ile havikuwa vingi. Desemba 2018, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ililipatia shirika hilo notisi ya kusudio la kulifutia leseni, madeni yakiwa miongoni mwa sababu, na safari zikakoma. Abiria walibaki na kumbukumbu ya nauli nzuri, lakini ndege haipo.

Kusini ina nini?

Uwanja wa karibu wenye safari za ndege kubwa za abiria ni Mtwara, zaidi ya kilometa 100 kutoka Lindi mjini. Uwanja huo ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Septemba 2023 baada ya kupanuliwa. Lindi ina uwanja wa Kikwetu, na Kilwa Masoko ina kiwanja kidogo.

Kwa hiyo kikwazo kikubwa cha nauli nafuu Mtwara kinabaki kuwa abiria. Ufuta huuzwa kuanzia katikati ya mwaka, mbaazi hufuata, na minada ya korosho huanza Oktoba. Miezi hiyo wanunuzi, wasafirishaji na watu wa benki huja kusini kwa wingi. Kuanzia Februari hadi Mei fedha hupungua na wasafiri hupungua. Hiyo ndiyo miezi ya masika, ambayo barabara huharibika na ndege huhitajika zaidi. Shirika litakaloleta nauli ya chini mwaka mzima litalazimika kuivuka miezi hiyo minne, na hapo ndipo mengi hukwama.

Mazao makuu yenyewe hayapandi ndege. Gunia la korosho litakwenda kwa lori hadi ghalani na kwa meli kutoka bandari ya Mtwara. Bidhaa inayoweza kustahili gharama ya anga ni ile inayooza haraka na yenye bei kubwa kwa kilo, kama kamba na pweza wa Kilwa, tena kwa kiasi kidogo, kwa kuwa tumbo la ndege ya mapangaboi hujazwa kwanza na mabegi ya abiria.

Mkulima na mfanyabiashara afanyeje?

Kabla ya kufurahia tangazo la nauli, ni vema kukaa na kalamu na karatasi. Upande mmoja aandike nauli ya ndege, kodi na ada zake, malipo ya mzigo, na gari kutoka Rondo hadi Mtwara. Upande wa pili aandike nauli ya basi, malazi, chakula, na faida inayopotea kila siku duka linapofungwa.

Kwa anayekwenda Kariakoo kuchukua marobota ya nguo, basi huenda likabaki mshindi, au apande ndege mwenyewe na mzigo aupakie kwenye lori. Kwa kiongozi wa chama cha ushirika anayeitwa kwenye kikao cha siku moja, au mgonjwa anayekwenda Muhimbili, ndege inaweza kuwa nafuu hata kama tiketi yake ni ghali kuliko ya basi.

Aidha, safari inayojulikana mapema ikatiwe tiketi mapema. Tarehe za minada na mikutano mikuu ya vyama hutangazwa kabla. Wanachama wanaosafiri pamoja wakipanga siku moja, hupata bei ya chini na pia hulionyesha shirika kwamba kusini kuna abiria wa kuaminika. Shirika lolote litakalofikiria kuleta ndege za nauli nafuu Mtwara au Kikwetu litaangalia hilo kabla ya jingine lolote.