Boti za Faiba Zimewashinda Wenyewe

Maji yakipwa katika vihori vya kusini mwa Uingereza, boti aina ya Westerly Centaur hubaki zimesimama wima juu ya matope. Ziliundwa hivyo makusudi. Badala ya mkuku mmoja mrefu, kila moja ina mikuku miwili mifupi, ili mtu asiyeweza kulipia gati lenye kina aifunge kihorini kwa bei ndogo na isilale ubavu. Kampuni ya Westerly ilianzishwa mwaka 1963 na Denys Rayner, mwanamaji aliyeongoza meli za kusindikiza misafara wakati wa Vita Kuu ya Pili, na ambaye pia aliandika riwaya iliyogeuzwa filamu, The Enemy Below. Centaur, yenye urefu wa futi 26, ilitoka mwaka 1969, na hadi uundaji wake ulipokoma mwaka 1980 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 2,400. Walengwa hawakuwa matajiri. Walikuwa walimu, makarani na mafundi wenye watoto wawili na likizo ya wiki mbili.

Leo Centaur chakavu yaweza kutolewa bure, na bado ikakosa wa kuichukua. Wengi husema sababu ni uzee wa faiba yenyewe. Kwa maoni yangu hapo ndipo uchambuzi unapopotoka, kwa kuwa bodi ya faiba ndiyo sehemu iliyozeeka kidogo kuliko zote. Waundaji wa miaka ya 1960 hawakuiamini sana malighafi hii mpya, ya nyuzi za kioo zilizoloweshwa resini ya poliesta ndani ya kalibu, basi walitandika tabaka juu ya tabaka. Bodi nyingi za wakati huo ni nene kuliko zilizofuata baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973 na resini kupanda nayo.

Kasoro iliyowatia watu hofu kubwa ni malengelenge. Maji hupenya polepole kwenye jelikoti, lile ganda laini la nje, yakakutana na kemikali ambazo hazikuungana sawasawa siku ya kuundwa kwa boti. Hapo hutokea kimiminika kichachu chenye harufu ya siki, nacho huvuta maji zaidi hadi ganda likatutumka. Dawa yake ni kulichuna ganda lote la chini ya maji, kuosha kwa maji ya moto tena na tena, kuacha bodi ikauke kwa miezi, kisha kupaka epoksi. Kazi hiyo ni ya gharama kubwa, na katika miaka ya 1980 ilishusha bei za boti kwa kasi. Lakini boti zilizozama kwa malengelenge ni chache mno. Soko liliogopa ugonjwa wa ngozi, likasahau moyo na mifupa.

Mifupa ya Centaur ni pale mikuku inapoungana na bodi. Kila mkuku ni pande zito la chuma cha kusubu lililofungwa kwa bolti, na boti inapotua kwenye matope mara mbili kwa siku, bodi hujikunja kidogo mahali hapo. Baada ya miaka, nyufa hutokea na maji huanza kuonekana kwenye ngama. Tiba inajulikana: fumua sakafu, saga faiba ya zamani hadi ipatikane iliyo safi, tandika matabaka mapya na taruma za kuvuka kutoka ubavu hadi ubavu, badilisha bolti. Hakuna siri ndani yake. Kuna vumbi linalowasha mwili mzima, na kuna siku nyingi za kupiga magoti mahali ambapo hata mtoto hawezi kusimama.

Ukimaliza hapo, dari inakungoja. Westerly walibandika ndani kitambaa cha plastiki chenye sponji mgongoni. Sponji imegeuka unga, na dari za boti hizi huning'inia kiasi kwamba wenyewe wamelifanya jambo hilo kuwa utani. Halafu madirisha yanayovuja, nyaya za umeme zilizooza, na waya za chuma zinazoshikilia mlingoti, ambazo kampuni nyingi za bima hutaka zibadilishwe kila baada ya miaka kumi hivi hata kama kwa macho ni nzima. Mwisho ni injini. Dizeli mpya, ukijumlisha kuifunga, mara nyingi hugharimu zaidi ya Centaur nzima inayoelea na kusafiri.

Hiyo ndiyo hesabu iliyoharibika. Bei ya boti hufuata umri wake, lakini bei ya waya, pampu, rangi na saa ya fundi haijali umri wa chombo. Bodi ya miaka hamsini hutumia galoni zilezile za rangi zinazotumiwa na bodi mpya ya ukubwa huo. Zamani pengo hili lilizibwa na mikono ya mwenyewe. Wanunuzi wa kwanza walikuwa watu wa bisibisi na msasa, na wengine walinunua bodi tupu wakajimalizia wenyewe nyuma ya nyumba. Kizazi hicho sasa kina miaka themanini. Vijana waliobaki hawakosi akili wala hamu. Wanakosa mahali: ardhi ya ukingoni mwa maji imepanda thamani, karakana nyingi zimegeuzwa makazi, na zilizosalia hutoza kwa urefu wa boti. Chombo kilichopandishwa nchi kavu kwa matengenezo ya miaka mitatu humla mwenyewe kabla hajakigusa.

Msomaji wa Lamu au Bagamoyo ataona hesabu hii imepinda, na ana haki. Kwetu saa ya fundi ni nafuu, kifaa kutoka nje ndicho ghali. Isitoshe jahazi hubadilishwa ubao mmoja mmoja, na likishindikana kabisa mbao zake zina kazi nyingine. Poliesta ikishaganda haiyeyuki tena, na bodi ya faiba haina mnunuzi wa vipande.

Ndiyo maana boti hizi haziishi wala hazifi. Zinatelekezwa, zikamomonyoka majini. Mwaka 2024 watafiti wa vyuo vikuu vya Brighton na Portsmouth walieleza kwamba wamekuta vipande vidogo vya nyuzi za kioo ndani ya chaza na kome wa bandari ya Chichester, kusini mwa Uingereza. Wafaransa wamechukua njia nyingine tangu 2019: kila boti mpya inayouzwa hulipiwa mchango, na mchango huo hugharimia kuvunjavunja za zamani, mwenye boti akilipia usafirishaji tu. Ni mpango mzuri, ingawa mzigo wa boti za jana umebebeshwa wanunuzi wa leo, na hata huko faiba nyingi huishia jalalani au tanuruni.

Kwa Centaur, ukarabati wenye maana uliobaki ni wa kuchanganya. Mtu hununua moja yenye bodi na mikuku imara, kisha hutafuta ya pili inayotolewa bure, yenye mlingoti mzuri na dizeli iliyobadilishwa miaka michache iliyopita na mwenyewe aliyekata tamaa. Ya pili hunyofolewa kila kitu, chuma cha mikuku kikauzwa kwa uzito. Kinachosalia ni ganda tupu, na kuliondoa ni gharama ambayo mnunuzi mjanja huitoa kwenye bei kabla ya kupeana mkono.