TANGA LA NURU NA NJIA YA WAPAGAZI

Njia ya kale itokayo Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilifunguliwa kwa mabega ya wapagazi, wengi wao wakiwa Wanyamwezi. Kila mmoja alichukua mzigo wa frasila mbili hivi. Mwaka 1871 Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi Machi, akafika Tabora mwezi Juni. Pembe za ndovu zilizoteremshwa pwani zilivushwa kwa majahazi hadi Unguja, kisha ng'ambo. Na faida kubwa haikubaki kwa aliyezibeba.

Yafaa tuikumbuke historia hiyo, maana safari nyingine ndefu imekwisha anza, na mara hii mzigo ni mwepesi. Mwezi Juni 2019 chombo kiitwacho LightSail 2 kilirushwa angani kutoka Marekani. Uzito wake ulikuwa kilo 5 tu, na gharama yake, dola milioni 7 hivi, ilitokana na michango ya watu wa kawaida. Huko juu kilikunjua tanga la mita za mraba 32, jembamba kuliko unywele, likasukumwa na nuru ya jua. Wajapani walikuwa wametangulia mwaka 2010 kwa chombo chao IKAROS, kilichotweka tanga kikiwa njiani kuelekea sayari ya Zuhura.

Watu wa visiwani hawana haja ya kufundishwa maana ya tanga. Ila upepo huu ni dhaifu mno: tanga zima la LightSail 2 lilisukumwa kwa nguvu isiyozidi uzito wa punje moja au mbili za mchele. Lakini nuru haina msimu kama kaskazi na kusi, wala haidai mafuta. Haba na haba hujaza kibaba. Hata hivyo tusijidanganye: tanga haliwezi kukiinua chombo kutoka ardhini, kazi hiyo bado ni ya roketi.

Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi. Jina lilikuwa la Kiswahili. Chombo kilikuwa cha Wamarekani na jukwaa la Waitalia. Ilipita miaka mingi kabla ya majirani zetu kupata vyombo vyao wenyewe: Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2018, Uganda mwaka 2022, na Taifa-1 ya Kenya mwaka 2023. Vyote vilikuwa vidogo, na udogo huo ndio mlango wa nchi zisizo na fedha nyingi.

Kwa hiyo twawaomba wakuu wa Serikali, Bara na Visiwani, wasingoje utajiri ndipo waanze. Misitu ya nyuki ya Tabora na bahari ya wavuvi wa Pemba zahitaji kutazamwa kutoka juu na macho yetu wenyewe. Hapana budi tuanze na walimu wa hisabati na fizikia, na karakana katika shule na vyuo vyetu. Babu zetu walibeba mali ya wengine wakaachiwa uchovu; vijana wetu wasiachwe kuwa wapagazi wa elimu ya wengine.