Senetwet: Ua Tunalolikata Bila Kulipanda

Wanafunzi wenzangu na walimu wetu, mkitoka mjini Eldoret kwenda mashambani, hamjaona kichaka chenye maua ya manjano yaliyosimama wima kama mishumaa, na ncha zake nyeusi? Basi hicho ndicho senetwet, kama Wakalenjin wanavyokiita. Wataalamu hukiita Senna didymobotrya. Majani yake ukiyafikicha yananukia kama njugu karanga.

Sisi hukipita tu, kumbe ndicho kinachoipa mursik ladha yake. Vijiti vyake huchomwa, na makaa husuguliwa ndani ya kibuyu kwa sosiot kabla ya maziwa kutiwa. Hata wanariadha wetu wakirudi na medali hulakiwa kwa mursik kwenye uwanja wa ndege. Lakini kila mtu anakata, nani anapanda? Karibu na kwetu palikuwa na vichaka vitano. Saa hizi kimebaki kimoja.

Ndipo nikaamua kupanda. Mara ya kwanza nilifukia mbegu, nikamwagilia mwezi mzima. Wapi! Haikuota hata moja. Nyanya akanicheka: "Mjukuu wangu, mbegu hiyo imevaa koti. Maji yataingilia wapi?" Akanifundisha hivi.

Kwanza, chuma maganda yaliyokauka na kuwa ya kahawia.

Pili, chemsha maji, yaepue, yaache yapoe kidogo, kisha tia mbegu. Usizichemshe motoni, zitakufa. Ziache mpaka asubuhi. Zilizofura ziko tayari.

Tatu, toboa mkebe chini, tia udongo uliochanganywa na mchanga na samadi kidogo. Fukia mbegu kina cha sentimita 1. Mwagilia, ila usifanye matope. Mimi nilipanda 20 mwezi wa Februari, na kabla ya wiki mbili 14 zilikuwa zimeota.

Nne, mvua ya Aprili ikishika, hamishia miche nje penye jua, ukiacha mita 2 kati ya mche na mche.

Tahadhari! Usinywe dawa ya majani haya ovyo, huendesha tumbo vibaya. Tena chuma maganda kabla hayajapasuka, yasije yakajaza shamba la mahindi. Kule Afrika Kusini kilipelekwa kama ua la bustani, leo kinahesabiwa kuwa gugu.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Nimebakisha miche sita. Je, wanachama, tuipande kando ya ua la shule yetu?